Mungu hatajwi hata mara moja kwenye kitabu cha Esta, sasa siku ya Purim Wayahudi wanashukuru muujiza gani?

Dada yangu, asante kwa swali, na samahani nimechelewa kidogo kujibu maana sio swali la kujibu kwa mistari miwili. Kwa faida ya wengine nalifupisha hapa: umesema umesoma Esta mwanzo mpaka mwisho ukimtafuta Mungu na hukumkuta, hamna jina lake, hamna nabii, hamna malaika wala sauti kutoka mbinguni, alafu ukaja kusikia kwamba Wayahudi kila mwaka wana sikukuu ya Purim na kabla ya kusoma hicho kitabu wanambariki Mungu "aliyewafanyia baba zetu miujiza siku zile". Ukauliza ni miujiza ipi hiyo, sio bahati tu ambayo watu wa dini wameibandika jina la Mungu baadaye? Na kama kweli Mungu alishapanga kila kitu, Esta alihatarisha maisha ya nini, si angekaa tu asubiri? Mwisho ukaomba nikuambie ukirudia kukisoma usome vipi.

Nafundisha Agano la Kale, na hiki ni moja ya vitabu ninavyovipenda kuliko vyote, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kwanza umesoma vizuri, usidhani kuna mahali uliruka. Esta ya Kiebrania ina sura 10, mistari 167, na Mungu hatajwi humo kabisa, sio kwa lile jina takatifu wala kwa neno la kawaida tu la "Mungu". Hata maombi hamna. Wanafunga siku tatu usiku na mchana lakini mwandishi haandiki walimwomba nani. Wakati huohuo neno "mfalme", yani yule wa Uajemi, limejaa kila kona. Hali hii imewasumbua wasomaji toka zamani sana, ndo maana tafsiri ya Kigiriki ya kale ina vipande 6 vya nyongeza, humo kuna ndoto ya Mordekai, kuna sala yake, kuna sala ndefu ya Esta, na Mungu anatajwa waziwazi. Ukifungua Biblia ya Kikatoliki utavikuta, ndo sababu Esta yao ni ndefu kuliko hii tuliyozoea wengine. Kwa hiyo aliyeona pengo sio wewe peke yako, kuna watu waliliona na wakajaribu kulijaza.

Ila Wayahudi kwenye gombo lao wameacha pengo kama lilivyo, na wanalisoma hivyohivyo hadharani mwaka hadi mwaka. Sababu zinazotolewa ni nyingi. Abrahamu Ibn Ezra, mfafanuzi wa Hispania wa karne ya 12, alifikiri ni tahadhari: kitabu kilikuwa kinakwenda kunakiliwa kwenye kumbukumbu za Waajemi, na wao wangeweza kuchukua sehemu yenye jina la Mungu wakaweka jina la sanamu zao, basi bora jina lisiwepo. Wengine wanaonyesha sura ya 5 mstari wa 4, pale Esta anapomwalika mfalme na Hamani kwenye karamu, ambapo herufi za kwanza za maneno manne ya Kiebrania yanayofuatana zinatoa lile jina takatifu lenye herufi nne. Hilo ni kweli, zipo. Ila mimi sijengi imani juu ya herufi zilizofichwa, na nakushauri usijenge hapo, kitabu chenyewe kina hoja nzito zaidi ya hiyo. Na Talmudi, ule mkusanyiko mkubwa wa mafundisho ya marabi (walimu wa dini wa Kiyahudi) wa kale, ilipouliza Esta anadokezwa wapi ndani ya Torati, jibu lake ni Kumbukumbu la Torati 31:18, pale Mungu anaposema hakika atauficha uso wake. Yani kwa marabi huku kujificha ndio mada yenyewe ya kitabu, mwandishi hakusahau kitu.

(Kabla sijaendelea, kwa ndugu zangu Waislamu wanaosoma hapa: Hamani wa stori hii ni waziri wa mfalme wa Uajemi huko Shushani. Hamana anayetajwa kwenye Qurani yuko pamoja na Firauni kule Misri. Msiwachanganye, tutapotezana.)

Sasa miujiza. Hapa ndo penye utamu wenyewe. Ukitafuta muujiza kwenye tukio moja moja la Esta hutaupata kamwe, kwa sababu hamna tukio lolote humo ambalo haliwezi kutokea kwenye ikulu yoyote duniani. Inabidi uangalie mpangilio, kipi kilitangulia kipi, nani alichelewa wapi, na kwa nini jambo la miaka mingi nyuma likaja kuibuka usiku ule na sio mwingine.

Tuanze na ulevi. Ahasuero, ambaye wasomi wengi wanamtambua kuwa ni Xerxes wa Kwanza aliyetawala 486 hadi 465 kabla ya Kristo, ana majimbo 127 toka India mpaka Kushi, na Kushi ni huku kwetu Afrika, nchi ya Wanubi upande wa Sudan. Makao yake kwenye stori hii ni Shushani, magofu yake yako Iran leo, kusini magharibi. Mwaka wa 3 wa utawala wake anafanya maonyesho ya utajiri siku 180, alafu karamu ya siku 7 juu yake, na siku ya saba mvinyo ukiwa umemkolea anaamuru malkia Vashti aletwe watu wauone uzuri wake. Vashti anagoma. Washauri wanaingiwa na hofu kwamba wake wote Uajemi wataiga, basi Vashti anaondolewa. Humo hakuna utakatifu wowote, kuna wanaume walevi na mwanamke aliyekataa kudhalilishwa, lakini kiti kimebaki wazi, na mwaka wa 7 kinakaliwa na yatima wa Kiyahudi, Hadasa, huyo ndo Esta, aliyelelewa na Mordekai mtoto wa baba yake mkubwa au mdogo, na Mordekai amemkanya asiseme kabila lake. Na niseme hapa, sipendi kabisa mahubiri yanayofanya sehemu hii ionekane kama mashindano ya urembo yenye furaha. Kitabu kinasema alichukuliwa. Wasichana walikusanywa kwa amri ya mfalme na hakuna aliyeulizwa anataka au hataki.

Alafu siku moja Mordekai yuko langoni, anasikia walinzi wawili, Bigthani na Tereshi, wanapanga kumuua mfalme. Anamwambia Esta, Esta anamwambia mfalme na kumtaja Mordekai kwa jina, jambo linachunguzwa, wale wawili wanatundikwa, linaandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu mbele ya mfalme. Basi. Imeisha hapo. Unageuza sura ya 3 mstari wa kwanza, unategemea usome kwamba baada ya mambo hayo mfalme alimpandisha cheo Mordekai, na kweli kuna mtu anapandishwa cheo, ila ni Hamani.

Nataka ukae hapo dada yangu, usipite haraka. Mtu ameokoa maisha ya mfalme mwenye majimbo 127 na hajapewa hata asante. Wafalme wa Uajemi walikuwa na sifa ya kuwalipa watu waliowatendea mema, na Herodoto, mwanahistoria Mgiriki wa kale, anaandika kwamba wafadhili wa mfalme waliwekewa orodha na jina maalum, kwa hiyo kusahaulika namna hii haikuwa jambo la kawaida kwao. Kwa Mordekai lazima iliuma, tena kinachofuata ni kumwona mtu mwingine anapita langoni na kila mtu anamsujudia. Na kitabu hakisemi alilalamika, hakisemi alivumilia, hakisemi chochote, kinaendelea tu.

Talmudi kwenye sehemu inayoitwa Megila inasimama palepale, kwenye maneno "baada ya mambo hayo", inauliza baada ya mambo gani? Rava, mmoja wa marabi hao, anajibu: baada ya Mtakatifu kuumba dawa ya lile pigo. Maana rabi mwingine, Resh Lakish, alishafundisha kwamba Mungu hawapigi Israeli mpaka kwanza awe ameshawaandalia dawa. Angalia sasa, Esta ameingia ikulu sura ya 2, deni la mfalme kwa Mordekai limeandikwa sura ya 2, na Hamani hajazaliwa kwenye stori mpaka sura ya 3. Dawa iko kabatini tayari na ugonjwa haujaja, na wenye dawa wenyewe hawajui kwamba ni dawa, Esta anajiona mfungwa wa kifahari na Mordekai anajiona mtu aliyesahauliwa.

Ugonjwa unafika. Mwaka wa 12, Hamani amekasirika kwamba Mordekai hamsujudii, na kwa hasira hiyo anaona Mordekai mmoja hamtoshi, anataka taifa lote. Anaahidi talanta 10,000 za fedha, mfalme anamvulia pete yake ya muhuri bila hata kuuliza ni taifa gani. Siku ya mauaji inatafutwa kwa kura, puri, ndo jina la sikukuu limetoka hapo. Kura zinapigwa mwezi wa Nisani, mwezi wa kwanza, na inaangukia Adari, mwezi wa kumi na mbili, tarehe 13. Ingeangukia mwezi unaofuata muda wa kujiokoa ungekuwa mfupi mno. Kura iliwapa miezi kumi na moja. Mithali 16:33 inasema kura hutupwa katika mikunjo ya nguo, bali hukumu zake zote ni za Bwana, na ukiujua mstari huo huwezi kuisoma sura ya 3 ya Esta kwa utulivu tena, kila Hamani anapotupa kura yake unajua mkono mwingine uko pale.

Sasa twende kwenye ule usiku.

Esta ameshafunga siku tatu, ameingia kwa mfalme bila kuitwa, kosa ambalo adhabu yake ni kifo, fimbo ya dhahabu imenyooshwa, anaulizwa unataka nini, hata nusu ya ufalme utapewa. Mlango uko wazi kabisa. Na yeye anasema njoo leo na Hamani kwenye karamu niliyoandaa. Wanakuja, wanakunywa, anaulizwa tena unataka nini, na badala ya kusema anasema njooni tena kesho, kesho ntasema. Kwa nini? Kitabu kimya. Marabi kwenye Talmudi wanatoa sababu moja baada ya nyingine: alikuwa anamtegea Hamani mtego, alitaka Hamani asishtuke kwamba yeye ni Myahudi, alitaka kumtia mfalme wivu, alitaka Wayahudi wasibweteke wakasema tuna dada yetu ikulu wakaacha kuomba. Inasimuliwa Raba bar Avuha alikutana na nabii Eliya akamuuliza, kati ya sababu hizi ya kweli ni ipi, Eliya akajibu ni zote. Mimi huwa naongeza moja ya kibinadamu: inawezekana aliogopa tu, maneno yakamkwama kooni. Na hata kama ni hivyo, angalia huo woga ulipewa kazi gani.

Maana kwa sababu ya ile siku moja ya kuchelewa, Hamani anatoka kwenye karamu ya kwanza amefurahi, anakutana na Mordekai langoni hajasimama kumheshimu, furaha yote inageuka nyongo. Nyumbani mkewe Zereshi na marafiki wanamshauri asimamishe mti wa mikono 50, hiyo ni zaidi ya mita 22, na asubuhi aombe ruhusa ya kumtundika Mordekai. Fundi wanafanya kazi usiku huohuo. Na usiku huohuo mfalme amekosa usingizi. Hakuna ndoto kama ya Farao, hakuna mkono unaoandika ukutani kama kwa Belshaza, ni mtu tu anageuka geuka kitandani. Angeweza kuita waimbaji, angeweza kuita mvinyo, tunamjua kwa mvinyo. Akaagiza kitabu cha kumbukumbu. Na katika kurasa za miaka yote hiyo, kinachosomwa ni Bigthani na Tereshi. Mordekai alipewa heshima gani kwa jambo hili? Hakupewa kitu, bwana wangu. Na dakika hiyohiyo kuna mtu anaingia uani alfajiri, nani yuko nje? Ni Hamani, amekuja mapema kuomba kichwa cha Mordekai, na kabla hajafungua mdomo anaulizwa mtu ambaye mfalme anapenda kumheshimu afanyiwe nini, naye anadhani ni yeye.

Rudi nyuma sasa upange upya. Mordekai angelipwa kwa wakati, kitabu kile kisingekuwa na deni la kusoma. Esta angesema ombi lake siku ya kwanza, angemshtaki Hamani akiwa kwenye kilele cha kuaminiwa, mfalme hajakumbushwa lolote kuhusu Mordekai, na mti haujasimama. Zereshi angemshauri mumewe alale kwanza atulie, mti usingekuwepo pale Harbona, mmoja wa watumishi wa mfalme, alipokuja kuuonyesha kwa mfalme na Hamani akatundikwa juu yake. Wahenga wamesema mchimba kisima huingia mwenyewe, na Hamani alikichimba kwa kuharakisha usiku. Kilichomsaidia Mordekai kuliko vyote ni kile kilichomuuma kuliko vyote, kule kusahauliwa.

Sinagogini msomaji akifika sura ya 6 mstari wa 1, "usiku ule usingizi ulimpaa mfalme", kuna desturi ya kupandisha sauti au kubadilisha tuni, kwa sababu kila kitu kinageuka hapo. Na kwenye Talmudi rabi mmoja anasema mfalme aliyekosa usingizi ni Mfalme wa ulimwengu. Rava anasema hapana, ni usingizi wa Ahasuero huyuhuyu. Rai zote mbili zimeachwa zimekaa pamoja kwenye ukurasa mmoja, na kwa maoni yangu hapo ndo umeelezwa Esta wote. Ni Ahasuero kweli aliyekosa usingizi, kimwili kabisa, na kuna Mfalme mwingine macho juu yake.

Unauliza, sio bahati? Ukitaka kuita bahati kitabu hakitakuzuia, kila kipande ukikichukua peke yake kinaruhusu. Linganisha na Yusufu, maana stori hizi mbili ni ndugu kabisa: Mwebrania kwenye ikulu ya kigeni, mfalme na usiku wake mgumu, pete ya muhuri, mtu aliyetenda wema akasahauliwa. Lakini Yusufu anatuelezea maana yake mwenyewe, anawaambia kaka zake ninyi mlikusudia mabaya, Mungu alikusudia mema. Kwenye Esta hakuna anayesimama kuisema hiyo sentensi, imeachwa msomaji aiseme. Ramban, yani rabi Moshe ben Nahman wa Girona huko Hispania, aliyezaliwa 1194, aliandika kwamba kupitia miujiza mikubwa ya wazi mtu anafundishwa kuitambua ile iliyofichwa, na hilo kwake ni msingi wa Torati yote. Mtu aliyelelewa na habari ya bahari kupasuka anaingia Shushani akiwa na macho tayari. Kwa hiyo ni kweli unavyosema kwamba jina la Mungu linakuja baadaye, linakuja kwa mtu anayetazama nyuma. Ila jambo kutambuliwa baadaye haina maana limetungwa. Baba yako alivyokulea ulikuja kuelewa ukiwa mtu mzima, hukumtungia.

Swali lako la Esta kukaa tu. Soma tena anachoambiwa na Mordekai sura ya 4 mstari wa 14. Ukinyamaza, wokovu utawatokea Wayahudi kutoka mahali pengine. Hapo ana uhakika kabisa, wokovu upo. Alafu anasema, na nani ajuaye kama hukuufikia ufalme kwa ajili ya wakati kama huu? Nani ajuaye! Mtu mwenye imani kuliko wote kwenye kitabu hana uhakika na sehemu ya Esta. Uhakika wake uko kwa Mungu kwamba hataacha watu wake waishe, lakini njia itapita kwa nani hilo hajui, na halidai. Esta naye hajibu "Mungu ameniambia". Anasema fungeni kwa ajili yangu, ntaingia, nikiangamia na niangamie. Mpango haukumpunguzia hatari hata kidogo, ulimpa nafasi tu, na angeweza kuiacha. Ndo maana nashtuka nikisikia mtu anatumia Esta kukaa kimya kwenye jambo la haki eti Mungu atafanya, wakati mstari wenyewe unasema Mungu atafanya kweli ila wewe uliyenyamaza utapotea.

Kuna kitu kingine cha Talmudi ambacho kimenikaa sana, kiko kwenye sehemu ya Shabati. Wanasema pale Sinai Mungu aliuinua mlima juu ya Israeli kama pipa lililopinduliwa, akawaambia mkipokea Torati vema, msipopokea kaburi lenu hapa. Rabi mmoja akasema basi hiyo ni hoja kubwa ya kuipinga Torati, mtu akilazimishwa mkataba haumbani. Rava akajibu: waliikubali upya siku za Ahasuero, maana imeandikwa kwenye Esta kwamba Wayahudi walithibitisha na kukubali. Fikiria uzito wake. Mlima unawaka moto, unasikia sauti, utasema hapana vipi? Lakini Shushani hamna moto, ukisema ndio umesema mwenyewe. Kwangu mimi hapa ndo Mungu kuficha uso kunapoanza kueleweka kama heshima kwa mwanadamu, ingawa inabaki kuwa nzito.

Na nzito ni kweli. Siku ya Purim hawaimbi Haleli, zile zaburi za sifa za sikukuu, na kati ya sababu zilizotolewa ya Rava ndo inanigusa: bado sisi ni watumishi wa Ahasuero. Pasaka walitoka utumwani, Purim hawakutoka popote. Mfalme ni yuleyule, Esta bado yuko ikuluni mwake, na amri ya kwanza haikufutwa kwa sababu kwenye kitabu hiki amri yenye muhuri wa mfalme haitanguki, ilibidi itolewe amri ya pili tarehe 23 ya Sivani, mwezi wa tatu, kuwaruhusu Wayahudi kujitetea. Tarehe 13 Adari ikafika na vita ikapiganwa, sura ya 9 inasema maadui 75,000 waliuawa majimboni na inarudia mara tatu kwamba hawakugusa nyara. Sura hiyo inaumiza kuisoma na sitaki kuilainisha. Wokovu uliokuja kwa mikono ya watu ulikuja na damu.

Ndo maana pia nakuomba kitu kimoja, usichukue Esta ukampelekea mtu aliyefiwa au aliyeonewa ukamwambia tulia, kila kitu kimepangwa. Wayahudi wenyewe walisoma gombo hili kwenye mageto ya Ulaya, mitaa walikofungiwa, wakati wa Hitler, na usiku ule mfalme wa Berlin alilala usingizi wake. Wanaendelea kulisoma wakijua hilo. Esta inatufundisha kutazama nyuma kwa shukrani na kuchukua hatua mbele bila uhakika, haijampa mtu ramani ya kumweleza mwenzake kwa nini anateseka.

Kuhusu sikukuu yenyewe kwa kifupi: ni tarehe 14 Adari, kwetu inaangukia mwisho wa Februari au Machi, na Yerusalemu wanafanya tarehe 15. Siku inayotangulia kuna mfungo wa Esta. Gombo linasomwa usiku na tena mchana, jina la Hamani likitajwa watoto wanapiga kelele za kila aina, watu wanavaa mavazi ya kujigeuza sura, wanapelekeana vyakula, wanakula karamu na wanatoa zawadi kwa maskini wasiopungua wawili. Maimonide, rabi mkubwa wa karne ya 12, aliandika ni bora mtu azidishe zawadi za maskini kuliko karamu yake na vyakula anavyopeleka kwa rafiki, kwa sababu hakuna furaha kubwa kama kufurahisha mioyo ya maskini, yatima, wajane na wageni. Na Esta mwenyewe alikuwa yatima na mgeni, kwa hiyo naona imekaa mahali pake. Wanawake nao wanawajibika kusikia gombo likisomwa kwa sababu, Talmudi inasema, na wao walikuwemo kwenye muujiza ule. Huku kwetu ukitaka kujua zaidi, Nairobi kuna sinagogi toka zaidi ya miaka mia iliyopita na Uganda karibu na Mbale wako Abayudaya, jamii ya Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi.

Ukirudia kusoma, soma kitabu chote mara moja, kwa sauti kama unaweza, hakimalizi saa nzima. Chukua kalamu, kila mtu anapofanya uamuzi wake mwenyewe, mzuri au mbaya, weka alama pembeni, hata uamuzi wa Vashti, hata wa Zereshi. Ukifika sura ya 5 pale Esta anaposema kesho, simama. Rudi sura ya 2 mstari wa 23, usome ile habari ya kitabu cha kumbukumbu, ndipo uifungue sura ya 6.